Kola Juu ya Wino

Sajini aliizunguka ile meza mpaka Shangazi akaona kizunguzungu kwa niaba yake. Juu ya meza ililazwa picha moja tu, karatasi nene ya kuchapia, na ndani ya picha mlikuwa na nyumba nzima iliyokatwakatwa: mdomo wa birika, nusu ya uso wa saa, sikio la mwanamke lisilo na kichwa, guu la kiti. Katikati ya michoro hiyo vilipachikwa vipande vya vitu halisi, karatasi ya kufungia sabuni, tiketi iliyochanika, pembe ya gazeti. Upande wa kulia, chini, kilikaa kipande cha karatasi nyembamba ya hudhurungi kilichokatwa kwa umbo la kola ya shati, na vipimo vya penseli pembeni.

"Hili ni fumbo," Sajini alisema. "Tazama sikio. Sikio linasikia. Saa nayo imekatwa nusu, maana yake muda wake umekwisha. Marehemu alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba atauawa."

"Na birika?"

Sajini akafikiri. "Birika bado nalifanyia kazi."

Jina la Shangazi halikuwamo kwenye kitambulisho chake cha upelelezi. Vijana wa kituo walimbandika kwa sababu aliwahoji watu kama shangazi anavyomhoji mpwa aliyechelewa kurudi nyumbani, taratibu, bila kupandisha sauti, nusu ya jibu akiwa nalo tayari. Yeye hakuziamini picha. Picha, alisema, ni kama mlevi, kila mtu husikia kwake anachotaka kusikia.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi asubuhi. Mchapaji, mzee aliyechora na kuchapa picha hizi maisha yake yote, alikutwa na mkewe amelala kwenye sakafu ya karakana nyuma ya nyumba yao, kichwa kimepasukia ukingo wa chuma wa mashine ya kuchapia. Stuli ililala ubavu karibu naye. Mkononi alishika kibanio cha nguo, maana picha mbichi alizianika kwenye kamba iliyopita juu ya mashine. Mkuu wa kituo aliandika kwamba ameanguka, akafunga jalada kabla chai yake haijapoa.

Mjane hakukubali. Jumatatu aliingia kituoni na picha hii, akasema ameikuta kwenye mashine, chini ya mablanketi ya kukandamizia. Ndiyo kazi ya mwisho ya mumewe, ya Ijumaa jioni. Naye mdogo wa marehemu, fundi cherehani, alipoonyeshwa kola akaitambua mara moja. Aliikata mwenyewe Ijumaa asubuhi. Alipoulizwa aliipeleka karakana saa ngapi, akaapa kwamba Ijumaa hakukanyaga huko kabisa. Akawekwa ndani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu alisema, akafurahi kuona methali imemkaa sawasawa fundi cherehani. Alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Kesho hiyo hiyo, alasiri, Mchapaji alikuwa anazikwa. Ndugu walizaliwa wawili tu, na kama jalada lingekwenda, aliyebaki angekuwa nyuma ya nondo wakati kaka yake anashushwa kaburini.

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Vidole vyake havikutulia, vilipapasa ukingo wa meza kama vinatafuta pindo.

"Alhamisi mligombana," Shangazi alisema.

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Mambo ya kipuuzi."

"Nyumba?"

"Nyumba ipi?"

"Anayokaa kaka yako. Ya baba yenu. Yenu wote wawili."

"Mimi nina chumba changu na cherehani yangu, afande. Nyumba ni yake na shemeji."

"Shemeji yako alikuona unatoka karakana macho mekundu. Mtu halii kwa mambo ya kipuuzi."

"Nikikuambia utanicheka." Akainamisha kichwa. "Sisemi."

Shangazi akaliacha hilo lipite, kama mtu anavyoacha mlango wazi makusudi. "Ijumaa nani aliingia dukani kwako?"

"Wateja."

"Wateja gani?"

"Watu wenye nguo."

Nyuma, Sajini akakohoa.

"Hiyo kola ni ya shati la nani?"

"La mtu." Kisha, bila kuulizwa, akainua macho. "Afande, nina ombi. Shati lenyewe liko dukani, kwenye cherehani. Limebaki kola tu. Naomba niletewe nilimalizie humu humu, kwa mkono. Sindano mtanihesabia mkitaka."

"Kaka yako anazikwa kesho, na wewe unawaza shati la mteja?"

"Ndiyo," Fundi alisema, akaanza kulia.

Kwenye korido Sajini alitikisa kichwa. "Machozi ya mamba."

"Mamba huwa haombi sindano," Shangazi alisema, lakini hata yeye hakupenda alichokisikia. Mtu huyu alikuwa anaficha vitu viwili, sababu ya ugomvi na jina la mteja. Msafi haoni haja ya kuficha hata kimoja.

Kulikuwa na mwingine wa kutiliwa shaka. Mwenye Ukumbi, aliyeuza picha za marehemu, alikuwa amepiga simu kituoni asubuhi na mchana, na hakuuliza habari za maiti wala za muuaji. Aliuliza habari za picha. Walimkuta katika ukumbi wake mrefu wa kuta nyeupe, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba.

"Msiiweke juani," alisema kabla ya salamu. "Msiishike kwa mikono mitupu. Na kama inawezekana..."

"Ikae kwako."

"Kwa usalama wake tu."

"Bila shaka. Hebu nieleze alivyokuwa anaitengeneza. Taratibu, mimi kichwa kigumu."

Mwenye Ukumbi akashusha picha moja ukutani, dada wa ile ya kituoni: birika lile lile, saa ile ile, ila vipande vingine. "Mchoro uko kwenye bamba la shaba. Analipaka wino, analifuta, wino unabaki kwenye mikwaruzo tu. Halafu anachukua kipande, tuseme hii karatasi ya sabuni, anakipaka gundi mgongoni na kukilaza juu ya bamba, gundi ikitazama juu. Juu yake anaweka karatasi kubwa. Anazungusha gurudumu, mashine inakandamiza vyote kwa mara moja. Kipande kinashika kwenye karatasi, na wino unashika juu ya kipande."

Shangazi akainama. Mstari wa guu la kiti ulikatiza juu ya karatasi ya sabuni, mweusi, bila kusita popote.

"Kwa hiyo wino hukaa juu siku zote."

"Siku zote. Tena ni wino wa mafuta. Ukishakauka, maji hayaufanyi kitu."

"Na picha za bamba hili angeendelea kuchapa mpaka lini?"

"Zilikwisha. Alinipigia Alhamisi, akasema ameshalikata bamba." Akaona wanamtazama. "Ndiyo ada ya kazi hii. Nakala zikitosha, mchapaji analipiga bamba mkwaruzo mmoja mrefu, kona hadi kona. Kuanzia hapo kila kitakachochapwa kitatoka na huo mkwaruzo. Ni ahadi kwa mnunuzi kwamba hataibiwa."

Sajini alifumbua mdomo. Shangazi akamkanyaga kidogo, naye akaufumba. Picha ya kituoni haikuwa na mkwaruzo wowote.

"Kumbandikia mteja jina nyuma ya picha, unatumia gundi gani?"

"Hii ya chupa. Ikikauka, hata kisu hakiitoi." Alipogeuka kuichukua, alitumia mguu kusukuma mlango wa nyuma ujifunge.

"Mle mna nini?"

"Stoo."

"Sajini, tuonyeshe stoo."

Ndani mlikuwa na godoro sakafuni, kandambili, birika la umeme na mashati matatu yakining'inia kwenye fremu ya picha. Mwenye Ukumbi akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Mke wangu anapumzika," alisema. "Kupumzika kuniona."

"Pole sana," Sajini alisema kwa dhati, akaurudisha mlango polepole.

Kwenye gari Sajini alihesabu kwa vidole. "Picha haina mkwaruzo, kwa hiyo ilichapwa kabla bamba halijakatwa. Bamba lilikatwa Alhamisi. Kola imekatwa Ijumaa. Basi kola haikupita kwenye mashine. Mtu kaibandika baadaye, juu ya picha iliyokwishakauka."

"Ikiwa huyu bwana hasemi uongo kuhusu bamba."

"Na kama anasema uongo?"

"Bamba halisemi uongo. Tukaliangalie."

"Lakini juu ya kola kuna mistari, Shangazi. Nimeiona mwenyewe. Inaungana na mchoro."

"Na mimi nimeiona. Ndiyo maana nimeibeba picha. Twende tukaioshe."

Sajini akashika mdomo. Mkuu angewachuna ngozi. Lakini maabara kuu ingewajibu mwezi ujao, na kaburi lilikuwa linachimbwa leo.

Nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa jamaa, masufuria yakigongana jikoni. Mjane aliwapitisha uani mpaka karakana. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyesimama wima kama mtu aliyeambiwa kwamba akiinama ataanguka. Ufunguo aliutoa kifuani.

"Ufunguo huu wanao wangapi?"

"Mimi tu. Tangu Jumamosi sijampa mtu."

"Ijumaa ulimwona shemeji yako?"

"Sikumwona. Nilimwona Alhamisi, akitoka hapa. Nimeshawaambia."

Karakana ilinuka mafuta ya taa na wino. Bamba la shaba lilikuwa mezani, limefungwa kwa kitambaa. Sajini alilifunua, akaweka picha kando yake, akakunja uso.

"Havifanani. Saa huku iko kulia, huku iko kushoto."

"Bamba likichapwa hugeuka, kama muhuri," Mjane alisema. "Kioo kile pale. Alikitumia kwa hilo."

Sajini akalielekeza bamba kwenye kioo. Saa ikarudi mahali pake. Na katikati ya shaba, kona hadi kona, ulipita mkwaruzo mrefu, mpya, uliong'aa. Mwenye Ukumbi hakuwa amesema uongo. "Pale kwenye kola, huku kwenye bamba kuna mkono," Sajini alisema. "Kwenye picha haupo."

"Upo. Umefunikwa," Shangazi alisema. "Piga picha kila hatua. Mama, tafadhali simama hapa ushuhudie."

Alichovya pamba kwenye maji, akaisugua juu ya guu la kiti. Mstari haukujali. Akasugua karatasi ya sabuni, mstari ukabaki vile vile. Akahamia kwenye kola. Mistari miwili iliyokatiza juu yake ikalegea na kutanuka, na pamba ikatoka na rangi ya samawati iliyoiva, ya kalamu ya kuandikia.

"Mtu huyu alijua kwamba wino unatakiwa kupita juu," Shangazi alisema, akiitazama pamba. "Akaiendeleza mistari kwa kalamu. Alichagua mahali ambapo mistari michache tu ingetokeza nje ya kola, kazi isiwe kubwa."

"Yule wa godoro," Sajini alinong'ona.

Kando ya mashine palikuwa na beseni pana, lile la kulowekea karatasi. Shangazi aliishika picha kwa kona, akaizamisha upande wa kola, akangoja. Mjane naye alingoja. Kelele za jikoni zilisikika mpaka pale. Kisha ukingo wa kola ukajikunja, ukaachia, na karatasi nyembamba ikaelea juu ya maji kama utando wa maziwa.

"Gundi ya chupa isingeachia," Shangazi alisema. "Hii ni ya unga wa ngano. Hapa nani hupika gundi ya unga?"

Sajini akashusha kamera.

"Mimi," Mjane alisema. "Tangu tuoane. Ya kwake ilikuwa inatoka na madonge."

Alikaa juu ya kreti, bila kuambiwa.

"Kola uliipata wapi?"

"Kwake. Ijumaa mchana nilipitia gauni langu dukani. Akanipa hiyo karatasi, akasema, kampime kaka shingo, namshonea shati la siku ya maonyesho ya picha zake. Nilimpima wakati wa chakula. Akacheka. Akasema mdogo wangu anadhani nimenenepa. Jumapili nilipoingia jikoni ilikuwa bado pale mezani."

"Na picha?"

"Ya majaribio, ya zamani. Zimejaa kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Mlikuja, mkatazama stuli, mkaandika, mkaondoka." Sauti yake haikupanda. "Mtu amepanda stuli hiyo kila siku ya maisha yake, halafu mnaniambia ameuawa na stuli. Nilimwona mdogo wake akitoka hapa macho mekundu. Kesho yake analeta habari za shati. Nikasema, mtu hakupi zawadi hivi hivi baada ya ugomvi, na nyumba ni yao wote wawili. Nilitaka mumtazame tu."

"Tumemtazama. Tumemfunga." Shangazi alikasirika, na hakuficha. Sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu ya kituo chake, kilichomwachia mwanamke huyu afanye upelelezi peke yake kwa uji wa ngano. "Nilimuuliza mwenyewe Ijumaa nani aliingia dukani. Unajua alinijibu nini?"

Mjane akatikisa kichwa.

"Wateja."

Mjane alijifunika uso kwa mikono miwili. Alijua, kama Shangazi alivyojua sasa, kwamba neno moja tu, shemeji, lingemtoa yule mtu ndani tangu Jumatatu.

"Shangazi," Sajini aliita. "Hebu njoo."

Kwenye beseni, pale kola ilipotoka, palikuwa na mkono. Mkono wa mwanamke mzee, umeshika sindano, kastabini kwenye kidole cha kati, kidole gumba kimepindia nje.

Mjane alisogea, akautazama muda mrefu. "Mama mkwe," alisema. "Kidole kile kilivunjika akiwa msichana. Ndiye aliyemfundisha mdogo mtu kushona." Akageukia bamba, akafuatisha mkwaruzo kwa ncha ya kidole. Ulipita katikati ya kiganja. "Alhamisi shemeji alikuwa hapa wakati mume wangu analikata."

"Nadhani alimwomba asilikate," Shangazi alisema. "Kaka akasema ada ni ada. Na mtu mzima ataanzaje kuwaambia polisi kwamba alilia kwa sababu ya shaba?"

Hapo ndipo Sajini alipotazama juu. Tangu Jumamosi watu wote walioingia mle walitazama sakafu. Kwenye kamba, juu kabisa ya mashine, picha moja ilining'inia kwa kibanio kimoja, kona ya pili ikiwa imeanguka. Kibanio cha pili ndicho kilichokuwa kwenye mkono wa maiti.

Alipanda kwenye kreti, akaishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya Mchapaji, maana mkwaruzo ulikuwamo, mweusi, toka kona hadi kona. Ila palipokuwa na mkono mstari ulikatwakatwa na alama nyeupe fupi fupi, zimepangwa sambamba. Kabla ya kuzungusha gurudumu alikuwa amelaza vipande vya uzi juu ya wino, kimoja baada ya kingine, na kila kipande kiliacha weupe wake karatasini.

"Ameshona," Sajini alisema.

Ndiyo. Alilikata bamba kwa sababu ya ada, kisha akachapa nakala moja na kuushona mkono wa mama yake. Akapanda stuli kuianika, akabana kona ya kwanza. Shangazi aliishika stuli, akaitikisa. Guu moja lilicheza. Mkuu alikuwa amepatia, na Shangazi alijua kwamba kumwambia hivyo kungekuwa sehemu ngumu kuliko zote.

"Mtanifunga?" Mjane aliuliza.

"Umeudanganya upelelezi. Hilo tutaliongea baada ya mazishi, na sitakusaidia kulikwepa." Shangazi akakunja mikono ya shati lake. "Sasa hivi toa hiyo kola majini kabla haijaoza."

Mjane aliiopoa kwa viganja viwili. Akailaza katikati ya karatasi mbili za kunyonya maji, akaweka ubao juu, akaukandamiza kwa uzito wake wote, kama alivyomwona mumewe akifanya. Ilipotoka ilikuwa na mikunjo na doa la samawati, lakini vipimo vya penseli vilisomeka.

Shangazi alipitia dukani, akachukua shati. Lilikuwa jeupe, vifungo tayari, shingo wazi. Kituoni, Fundi alipewa mkanda wake na kamba za viatu, akaambiwa yuko huru, akabaki amesimama kana kwamba hajasikia. Mjane aliingia nyuma ya Sajini, kola imelala juu ya kiganja chake.

"Mimi ndiye niliyeibandika," alisema.

"Najua, shemeji. Nilikupa wewe. Ningekosaje kujua?"

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa umefiwa."

Mjane akasogea karibu. Akanyoosha mkono, na Fundi akaipokea kola, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasugua ukingo wake kwa kidole gumba.

"Ulimpima?" aliuliza.

"Nilimpima."

"Ilimkaa?"

"Alisema ni kubwa kidogo."

"Basi nitaipunguza. Kesho atalivaa," Fundi alisema, akakaa kwenye benchi la kituo, shati juu ya mapaja, akamtazama Sajini ampe mkasi.